Beseni la Ambakisye

Kila jioni kabla ya chakula, kioo cha ukutani humtaka mtoto ainue kidole, mzazi abonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, kisha kinatazama damu inavyorudi. Ikichelewa, ni dalili kwamba mwili umeishiwa maji, na droni inamchukua mtoto wodini, na kumpata tena ni kazi. Waliotunga sheria hiyo wanaishi kwenye joto. Huku Kitulo mikono ya watoto ni baridi mwaka mzima, damu huchelewa hata kwa mzima, ndiyo maana kila nyumba ina beseni la maji ya moto chini ya kioo.

Tusekile alikuwa hoi. Mwanawe Ambakisye alikuwa ameshinda akiharisha, naye ameshinda akifua. Bila hata kufikiri alimtumbukiza mikono kwenye maji, akaifuta, akabonyeza ukucha.

"Mtoto yuko salama," kioo kikasema.

"Mama, na miguu," Ambakisye akanong'ona.

Akaishika. Ilikuwa baridi mpaka magotini. Akabonyeza ukucha wa dole gumba la mguu, ukawa mweupe, ukabaki hivyo hivyo.

"Mwangalie tena," akakiambia kioo.

"Ambakisye ameshaangaliwa leo," kioo kikajibu kwa upole. "Tuonane kesho jioni."