Bibi Yangu Hayuko

Asumini alimkuta mume wake amesimama mlangoni, mkono ameukaza kwenye fremu kama mtu anayezuia mbuzi asiingie.

"Mama, unisamehe," alisema kwa adabu. "Bibi yangu alienda ku soko. Haifai mwanamuke mwingine aingie na yeye hayuko."

Beseni la sambaza lilikuwa bado kichwani mwa Asumini. Maji ya samaki yalimtiririka shingoni, yakadondoka kwenye mawe meusi ya volkano ambayo wao wawili waliyapanga kuwa kizingiti, mwaka walipooana.

Daktari alishamwambia: ugonjwa huu unakula ubongo kidogo kidogo. Akikusahau, usibishane naye.

"Bibi yako anaitwa nani, muzee?"

Uso wa mume wake ukachangamka. "Asumini."

Tangu Ramadhani hakuwa amemsikia akilitamka jina hilo.

"Basi nitamungojea."

"Hachelewi, yule."

Akamletea kiti, akakiweka kivulini, mbali na mlango, kama heshima inavyotaka. Kisha akarudi ndani, na Asumini akasikia komeo likisukumwa.