Nguruwe wa Barikieli

Siku hizo kila mnywaji alipewa nguruwe wa kunywa naye, kikombe kwa kikombe. Kila mwezi bwana mifugo alikuja kumpima nguruwe ini. Likiwa zima, mwenyewe aliruhusiwa kuendelea na mbege, pombe yake ya ndizi.

Nguruwe wa Barikieli alinawiri kweli kweli. Mkewe, Eliaika, alijua sababu. Kila jioni mumewe alimaliza kikombe chake, kisha akainama bandani akanywa na cha nguruwe.

Siku ya kupimwa, bwana mifugo alipitisha kipimo ubavuni mwa mnyama, akatabasamu. "Ini safi, mzee. Piga tu!"

"Si nilikwambia, mama watoto?" Barikieli alicheka, mkono juu ya tumbo lililojaa maji.

"Bwana mifugo, hebu mtazame na yeye macho," Eliaika alisihi. "Yamegeuka manjano. Pombe ya nguruwe anainywa yeye."

"Shemeji, watu hawapimwi siku hizi," alijibu akifunga mkoba. "Nguruwe hadanganyi."

Jioni Barikieli alijaza vikombe viwili. Nguruwe hakujisumbua hata kuinuka. Eliaika alisimama mlangoni akiwatazama wote wawili, na mwenye macho meupe alikuwa nguruwe.