Lambo Lisilo na Kondoo

Kondoo wa mwisho aliuzwa mwezi Machi, lakini Merv aliendelea kulimwagia maji lambo lake, bwawa la kunyweshea mifugo. Alifungua bomba la tangi la nyumbani, yale maji ya kunywa, akaburuta mpira hadi ukingoni na kuyaacha yaende. Yeye mwenyewe alikunywa chai kikombe kimoja kwa siku na kujipangusa kwa kitambaa badala ya kuoga.

Majirani walimhurumia. Ulikuwa mwaka wa nne wa ukame huko magharibi mwa New South Wales, Australia, na ukame huo ulishawavuruga akili watu wenye moyo mgumu kuliko wake.

Katikati ya lambo alikuwa amesimika kijiti chenye alama. Alikwenda kukitazama mara nne kwa siku, na kila alama mpya iliyojitokeza juu ya maji ilimnyima usingizi. Siku moja Kev, jirani wa ng'ambo ya uzio, alikuja na pampu kuomba yale maji machache kwa ajili ya ng'ombe wake. Merv alitetemeka mpaka akakaa chini vumbini. Kev alirudi nyumbani na pampu yake na hakuomba tena.

Kisha ikaja barua ya ofisi ya ajira. Merv alitakiwa mjini siku tatu kila wiki kutafuta kazi, kilomita themanini kwenda tu, la sivyo posho yake ya serikali ya wasio na kazi ingekatwa. Siku tatu mbali na lambo! Njia ya kuponyoka ilikuwa moja, pensheni ya ulemavu. Akiipata, hakuna ambaye angemwita popote tena. Angekaa na lambo lake mpaka mvua irudi.

Noeline, mke wa Kev, ndiye aliyemjazia fomu. Kwenye ugonjwa aliandika: wasiwasi mkali.

"Wanauliza unaishi na nani."

"Peke yangu."

"Clive hajapiga simu hata mara moja?"

"Si unamjua Clive."

Alimjua. Clive, mdogo wake Merv, ndiye waliyerithi naye shamba lile. Mwaka wa mafuriko, lambo likiwa limejaa hadi kwenye njia ya magari, majirani walisikia ameondoka na pikapu yake kwenda kwenye migodi ya Perth bila kumuaga mtu.

"Kaka mtu unaugua, yeye huko anakula raha," alisema Noeline. "Siku nikimtia machoni na ile pikapu yake nyekundu, atanikoma."

Merv aliinuka, akatoka kwenda kutazama kijiti.

Likabaki jambo moja tu. Daktari wa serikali alitaka kumwona ana kwa ana, mjini. Yaani ili Merv athibitishe kwamba hawezi kuliacha lambo, ilimpasa aliache kutwa nzima. Noeline alijitolea kumpeleka kwa gari lake. Njiani Merv aligeuka kutazama nyuma kila baada ya dakika chache.

"Tulia basi, Merv. Lambo halina miguu."

"Mtu anaweza kuja."

"Aje kufanya nini, kuogelea kwenye tope?" Noeline alicheka, kisha akajiuma midomo kama mtu aliyekaribia kuropoka. "Na ukiulizwa hali, usije ukasema 'siyo mbaya.' Nyie wanaume wa huku mtu anakatwa mguu bado anasema siyo mbaya. Sema ukweli."

Merv alisema ukweli. Daktari Perera, mama mtulivu mwenye miwani, alimuuliza anaogopa nini hasa.

"Lisikauke."

"Na likikauka?"

Merv alitazama mikono yake. Ilikuwa imelowa jasho. "Nitakuwa nimekwisha."

"Umewahi kumweleza mtu mwingine hofu hii?"

"Hapana."

Daktari aliweka kalamu chini. Alikwishawaona waigizaji wa kila aina kwenye kiti kile, na huyu hakuwa mmoja wao. Hofu ya kweli ina harufu yake, na chumba kilikuwa kimejaa harufu hiyo. Akamwambia kwamba anampa alama zote ishirini za ulemavu zinazotakiwa ili kupata pensheni, barua itafuata. "Hutaitwa tena mjini, bwana. Rudi kwako ukapumzike."

Merv alilia mbele yake bila aibu. Ndani ya gari aliegemeza kichwa kwenye dirisha na kulala usingizi mzito, na kwa kilomita themanini hakutazama popote.

Noeline alimwamsha langoni.

"Sasa usinikasirikie," alisema huku akitabasamu. "Tulikuwa na siri. Kev na wenzake wa kikosi cha zimamoto wameazima katapila. Lambo likiwa karibu kukauka ndiyo wakati wa kuzoa tope, ili mvua ikija libebe maji mara mbili. Wamevuta yale yaliyobaki kwa pampu tulipoondoka tu asubuhi. Tumechoka kukuona unateseka, jirani."

Kule ukingoni katapila lilikuwa limezimwa. Wanaume sita walisimama kando yake, kofia mikononi, na hakuna aliyepunga mkono.

"Mbona wamesimama?" Noeline aliongeza mwendo. "Au wamegonga mwamba?"

Kev alikuja akitembea kuelekea gari lao, kiganja kimejaa tope, amekiinua kumzuia mkewe asisogee zaidi. Hakumtazama Merv. Nyuma yake, pale pale kijiti kilipokuwa kimesimikwa, paa la gari lilikuwa limechomoza kwenye tope, na mahali ambapo Kev alikuwa amelifuta kwa mkono palikuwa pekundu.