Jogoo wa Daktari

Dokta Mwanakombo alitoka chumba cha upasuaji, alama ya barakoa ingali mashavuni. Nyuma yake alifuata muuguzi wake, Makame, akijifuta jasho. Mzee Kheri, ambaye mkewe alikuwa bado amelala humo ndani, aliinuka na jogoo aliyefungwa miguu.

"Yu hai?"

"Yu mzima," alijibu Dokta Mwanakombo. "Uvimbe tumeutoa wote."

Mzee akamshukuru Mungu, kisha akamkabidhi Dokta Mwanakombo jogoo. "Nishikie, binti yangu." Mikono ilipobaki mitupu, akamkumbatia Makame. "Daktari, Mungu akuzidishie umri! Kitoweo chako hicho."

"Mzee, aliyempasua mkeo ni huyu uliyempa jogoo," alisema Makame.

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Madaktari kwa utani hamjambo!"

Dokta Mwanakombo alikuwa ameinama, anaichunguza kamba iliyoibana miguu ya jogoo hata ikavimba. Akalifungua fundo taratibu, kwa ncha za vidole, asiguse palipochubuka.

Kicheko cha mzee kilikatika. Macho yake yalikuwa kwenye vile vidole.

Jogoo akatua sakafuni, akapiga mbawa, na hakuna aliyenyoosha mkono kumkamata.