Springi ya Bastola

Mzee Shekue aliifungua mkekani ile bastola ya kuanzishia mbio, inayolia tu bila kutoa risasi. Chuma chake cha juu kikivutwa nyuma hakikurudi. Kesho yake ni mashindano ya mji, na ikigoma, kazi anayoipenda kuliko zote atapewa mwenye filimbi.

"Springi imechoka hii. Naivuta irefuke," alisema, akashika koleo.

"Kitendawili!" mkewe, Bi Mwantumu, akamwahi.

"Mama Zena, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kiangazi namimina, kipupwe nachokoa."

Mzee aliwaza, akashindwa.

"Nipe mji," mkewe akadai.

"Chukua huu huu wetu, na wambea wake wote."

Bi Mwantumu akacheka. "Mafuta ya nazi! Si ndiyo uliyoipaka juzi? Na baridi hii yameganda. Springi yako nzima, bwana, imekwama tu."

Mzee akachungulia. Kweli, ilikuwa nyeupe kama imepakwa nta. Wakaianika juani, wakaifuta, akaipachika. Safari hii alipovuta, chuma kilirudi chenyewe, ka!

Akasimama uani, akainua mkono juu. Mbuzi aliacha kutafuna.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Mwantumu. Akafunga kanga kiunoni, akatanguliza mguu mmoja mbele, akainama kusubiri mlio.