Lugha Niliyoiacha Chuoni

Chuo cha isimu hakimpokei mtu mpaka aache lugha moja kwenye hifadhi yao, na ukishaiacha inakutoka kichwani. Mimi nilikuwa na nne, nikaona hata nikitoa moja nitabaki tajiri. Wao walitaka Kizigua, lugha ya mama yangu. Tangu nilipokuwa nikisoma masomo ya jioni nilikuwa natamani kuwa mwanaisimu, basi nikawapa.

Leo mama yangu amekuja kumwogesha mwanangu Mwajabu. Anamkanda miguu kwa mafuta ya nazi huku anaongea naye Kizigua, na mtoto anacheka mpaka anapaliwa.

"Mama, unamwambia nini?" nikamuuliza.

"Tunakusengenya. Si umejitakia mwenyewe?"

Tukacheka. "Nikihitimu wataniruhusu kujifunza upya, kama mgeni," nikamwambia.

"Na mimi nitakuwepo, mwanangu?"

Kisha akanitazama, akasema jambo kwa Kizigua, taratibu, kwa sauti ile aliyokuwa akinibembelezea nikiwa mdogo. Sikuambulia hata neno. Mwajabu akaacha kucheka, akanigeukia na kunikazia macho, akisubiri nijibu.