Ndoo Mbili Juu ya Hema

"Likivuja hata tone, vijana wawili wanabaki," alisema kiongozi wa safari. Akaingia kwenye hema bovu nililolishona, akajilaza, akafunga zipu. Tangu alfajiri alikuwa akifunga mizigo.

Porini watakaa siku sita, na hema jingine hakuna. Mdogo wangu ni mmoja wa hao wawili.

Yeye mwenyewe alimwaga maji juu ya hema, ndoo ya kwanza, kisha ya pili, polepole. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mshono wa juu, pale nilipopitisha uzi mara mbili na kupaka nta ya mshumaa.

"Kiongozi, umelowa?" mdogo wangu aliuliza.

Akasogeza sikio kwenye zipu.

"Jamani, kiongozi?"

Tukasikia mkoromo.

Vijana wenzake wa safari waliangua kicheko. Mdogo wangu alitupa ndoo, akakimbilia begi lake.